Daktari wa Ndagala na Jarida la Bure

Kwao kwa asili sipajui. Ningemuuliza, angetaka kwanza kujua nimetumwa na nani na jibu nitalipeleka wapi. Kwa hiyo sikuuliza, na kwa miaka yote aliyokuwa mteja wangu hapa sokoni Rumonge nilimwita kama wote walivyomwita: Daktari wa Ndagala. Wageni waliposikia neno daktari walimletea watoto wenye homa. Aliwarudishia mlangoni. "Mimi niko docteur ya samaki," aliwaambia. "Huyu mutoto ana mapezi?"

Mimi nina sekretaria, chumba kimoja nyuma ya wauza mawese, chenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Nawapigia watu barua, naskani vitambulisho, naprinti matangazo ya misiba na ya harusi. Nilikulia kambini upande wa Kigoma, nikasomea huko, na tuliporudi Burundi nikarudi na Kiingereza changu cha shule, ambacho hapa kilikuwa adimu. Daktari alikuwa amesoma kwa Kifaransa toka chekechea hadi shahada yake ya mwisho. Akiongea Kifaransa, hata padri alikaa vizuri kwenye kiti. Kiingereza sasa, wapi! Na majarida ya sayansi aliyotaka kuyaandikia yote yalikuwa ya Kiingereza. Ndivyo tulivyojuana.

Siku ya kwanza hakuniamini hata chembe. Alinipa ukurasa mmoja wa Kifaransa niutafsiri, akaondoka nao, akampelekea mwalimu mmoja wa lise, shule yetu ya sekondari, aurudishe kwenye Kifaransa, kisha akakaa nyumbani akilinganisha. Alirudi baadaye sana, mimi nimeshasahau.

"Mama Divine," akasema, "umebadilisha neno moja."

"Lipi, Muzehe?"

"Nimeandika 'labda'. Wewe umeandika 'hakika'."

Nikamwambia labda zake zilikuwa nyingi mno, ukurasa mzima labda, nani angemwamini? "Mimi nimefungua ndagala maisha yangu yote," akasema, "na bado niko na labda. Wewe umezitoa wapi hizo hakika?" Tangu hapo sikugusa labda zake tena.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alipokuwa mtumishi wa serikali alifanya utafiti wa ziwa, na alipostaafu hakuacha. Kila asubuhi boti za taa ziliporudi alikuwa ufukoni na kofia yake ya nyuzi na kopo la plastiki. Ndagala ni wale samaki wadogo, Kigoma tulikuwa tukiwaita dagaa. Sisi wengine tunawaona chakula, yeye aliwaona kitabu cha hesabu. Alinunua kiganja kutoka kila boti, akawapima mmoja mmoja, akawapasua tumbo kwa wembe, akatazama kama wana mayai. Kisha aliwaanika hao hao waliopasuliwa na kuwagawa. Alitaka kujua ndagala wa pwani hii hutaga lini hasa, maana watu wanaopanga lini ziwa lifungwe na lini lifunguliwe walikuwa wakitegemea vitabu vilivyoandikwa kuhusu sehemu nyingine za ziwa. "Samaki wa Rumonge hajasoma hivyo vitabu," alisema.

Wanawake wanaouza ndagala walimpenda na walimwogopa. Hakununua fungu bila kulipuliza kwa pumzi aone kama lina mchanga. Muuzaji akimwongezea kiganja cha nyongeza, alikirudisha. "Kwa nini unaniongeza? Za jana?" Baa alikataa kabisa bia iliyofunguliwa mbali na macho yake, hata ikiletwa na shemeji. Hilo si ajabu, hapa kwetu wengi tunafanya hivyo kwa kuogopa sumu. Yeye alizidisha: aliitazama chupa kwanza kwenye mwanga, akasoma kizibo, halafu akamwambia mhudumu afungue. Kwangu alikataa maji ya mtungi. Alikuja na chupa yake, na akitoka kidogo kwenda chooni aliondoka nayo.

Lakini mtu huyu huyu, ukimpelekea sahani ya maharagwe, haikurudi tupu hata siku moja. Ilirudi na ndagala, au na ndizi, au na mawese ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa mara tatu. Kurudisha sahani tupu alikuona ni matusi. Niliwahi kumtania: "Muzehe, wewe hutaki cha mtu, lakini cha kwako lazima tule?" Akakasirika kweli. Akasema cha kwake anakijua kimetoka wapi.

Nisimuonee, shaka zake zilikuwa na sababu. Zamani alipokuwa kazini, walikuja watafiti kutoka Ulaya, watu wapole, wakafanya naye kazi ziwani. Aliwapa vipimo vyake vya miaka. Walimshukuru, wakampiga picha, wakaondoka. Baadaye alisikia kwamba makala imetoka kwenye jarida kubwa. Akanijia tuitafute. Tukaipata kwenye mtandao. Kichwa cha makala kilionekana vizuri, na chini yake mistari michache ya muhtasari, halafu ukuta. Lipa kwanza ndio usome.

"Si ndagala wangu hao?" aliniuliza.

"Ndio wako, Muzehe."

"Na mimi nilipe kuwaona?"

Bei ya kuisoma mara moja ilikuwa kubwa kuliko matumizi ya nyumba yake kwa wiki kadhaa. Mpwa wake wa kike anayeishi Ulaya aliipata kwenye maktaba ya huko, akamtumia. Tukaipitia kuanzia juu hadi chini. Jina lake lilikuwa mwisho kabisa, mahali pa shukrani, pamoja na la dereva. Kwa dereva alifurahi, maana alikuwa rafiki yake. Kwa lake mwenyewe aliomba tu nimzimie mashine.

Baada ya hapo majarida yakaanza kugeuka. Sasa tukasikia kusoma ni bure kwa kila mtu, dunia nzima, hata ukiwa na simu iliyopasuka kioo huko Kabonga. Nilimpa habari hiyo kwa furaha. Yeye akauliza swali moja tu: "Na nani analipa?" Nikasoma vizuri, nikakuta anayelipa ni mwandishi. Ada ya kuchapisha makala moja ilikuwa pesa ambazo pensheni yake isingefikisha hata akiacha kula miaka. Vyuo vya wenzetu vinawalipia watu wao. Yeye chuo chake kilikuwa kopo la plastiki.

"Umeona?" akasema, na alionekana karibu amefurahi kwa kuwa na haki ya kushuku. "Zamani walifunga mulango ya kusoma. Sasa wameifungua, wamefunga ya kuandika. Sisi tutasoma bure mambo yetu wanayoandika wao."

Katikati ya hayo ndipo walipompata matapeli. Ilikuja barua pepe inamwita profesa mtukufu, mwenye mchango mkubwa kwa binadamu. Jarida la kimataifa, ada ndogo, majibu kwa siku chache. Yeye aliyekuwa akipuliza ndagala kutafuta mchanga, hapo hakupuliza. Sifa zilimlewesha, niseme ukweli. Akatuma pesa. Makala ikatoka haraka, haikuulizwa hata swali moja, jina lake limekosewa, imewekwa jirani na makala ya kutibu kisukari kwa maji ya moto. Mwaka haukuisha, tovuti nzima ikatoweka. Nikifungua naambiwa ukurasa haupo. Watu wakubwa wa uvuvi aliowapelekea ile karatasi walimcheka, wakamwambia alete kitu kilichochapishwa mahali pa maana. Kwa wiki kadhaa hakupita hata mbele ya mlango wangu.

Kwa hiyo aliporudi na makala mpya, ya mwisho kama alivyosema, yenye miaka yake yote ndani, nilijua tunacheza na nini. Alikuwa amechoka, macho yameanza ukungu, wembe haushikiki sawasawa. Alitaka mambo mawili: jina lake liwe la kwanza, na mvuvi yeyote au mwanafunzi yeyote wa pwani hii aifungue bila kulipa. "Nikifa nayo kwenye kopo," alisema, "watakuja wengine watafungua tena samaki hao hao, waseme wao ndio wa kwanza."

Tuliipeleka kwenye jarida ambalo mwalimu wake wa zamani alilithibitisha. Wakaikubali kuichunguza. Na hapo kwenye fomu, nchi yetu nilipoichagua, ile ada kubwa ikafutika yenyewe. Ikabaki sifuri. Nilipiga kigelegele pale pale, wateja wakageuka.

Daktari hakupiga. Akavuta kiti. "Sifuri kwa nini?"

Nikamsomea: waandishi wa nchi fulani fulani wamesamehewa malipo.

"Nani amewaomba watusamehe? Tumekosa nini?" Akainyooshea kompyuta kidole. "Na ile liste ya nchi, nani ameiandika? Mwaka kesho wakitutoa?"

"Muzehe, wewe kubali tu. Ni bure!"

"Bure ya nani, Mama Divine? Mutu hakupi kitu cha bei hivi halafu asitake kitu. Watataka vipimo vyangu. Ao watataka jina."

Nilimsomea masharti yote, siku mbili nzima, yeye amekaa anatafuta mtego. Hakuuona. Hilo likamtia wasiwasi zaidi. Mwisho alikubali, lakini niliona amekubali kama mtu anayeingia nyumba ya watu na viatu mkononi. Wakaguzi wa jarida walituma maswali, tukajibu. Maswali yalikuwa makali, na yeye aliyapenda mno, kwa kila moja alisema, "Eeh, huyu amesoma." Mambo yalikuwa yanaelekea kwema.

Halafu ikaja barua nyingine. Ilikuwa fupi na imenakiliwa kwa watu wengi. Nilisoma mara ya kwanza sikuelewa, nikasoma ya pili. Walisema ofisi yao imepokea kifurushi kutoka kwa mwandishi, chenye samaki wakavu na chupa ya mafuta. Walisema wahariri hawaruhusiwi kupokea kitu chenye thamani kutoka kwa mwandishi ambaye makala yake inaamuliwa. Kazi imesimamishwa. Walitaka maelezo ya maandishi yenye sahihi.

Nilimpigia simu aje. Akaja anatembea taratibu, kofia yake kichwani.

"Muzehe, umewatumia ndagala?"

"Ndiyo." Akashangaa kwamba nashangaa. "Na mawese. Mpwa wangu alikuwa huku likizo, amerudi nao. Nimechagua mwenyewe, hakuna mchanga."

"Kwa nini jamani?"

"Wamenisamehe pesa yote ile, nirudishe sahani tupu?"

Nilishika kichwa. Nikacheka, halafu nikataka kulia, halafu nikamtafsiria barua. Sijawahi kumwona vile. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Wanasema nimewahonga?" akauliza. "Na ndagala?" Nikamwambia hawajasema hivyo, wanauliza tu. Akasema kuuliza ni kusema. Akasema ameshuku watu maisha yake yote, lakini hakuna aliyewahi kumtilia shaka sahani yake. Akaniamuru niwaandikie kwamba anaondoa makala, na samaki wake warudishwe.

"Siandiki," nikasema.

"Nitakwenda kwa mwingine."

"Nenda. Mwenzangu wa kule stendi Kiingereza chake ni cha kuuzia simu. Nenda!"

Akaenda kweli, lakini hakufika kwa yule, akafika nyumbani kwake. Nikamfuata jioni baada ya kufunga. Nilimkuta barazani, ndagala wake wameanikwa kwenye wavu, hata hajawageuza. Mimi nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimeipiga makala ile kwa vidole hivi, kila labda yake naijua, na sasa anataka kuitupa kwa ajili ya heshima ya kifurushi.

"Muzehe," nikasema, "mimi nikikuletea hapa bia iliyokwisha kufunguliwa, utakunywa?"

"Oya, hapana."

"Hata mimi? Mama Divine?"

"Hata wewe."

"Utakuwa umeniita muuaji?"

Alinikodolea. "Sivyo. Ni desturi tu. Mutu anajilinda."

"Basi na wao wanajilinda. Hawakujui. Umewaletea chupa iliyofunguliwa."

Akainuka, akaenda kuwageuza ndagala, akarudi. "Lakini wao nani anawashuku?" akasema. "Sisi tunatoa karatasi kuonyesha hatukuhonga. Wale waliobeba vipimo vyangu, nani aliwaomba karatasi?"

Kwa hilo sikuwa na jibu, na bado sina. Nilimwambia hivyo. Nadhani ndicho kilichomlainisha, maana hakupenda watu wenye majibu ya haraka. Kesho yake alikuja mapema, tukaandika maelezo. Aliniambia niandike kwamba kwetu anayepewa hurudisha, kwamba hakujua sheria yao, na kwamba hakukusudia kununua uamuzi wa mtu. Alitaka kuongeza kwamba samaki wale wangekuwa bei ndogo mno ya kumnunulia hata mlinzi. Nikamkatalia. Alitia sahihi bila kuinua macho. Aliona aibu, na mimi nilimwonea huruma hadi nikageuka nikajifanya natafuta karatasi.

Wakajibu kwa upole. Kumbe kule ofisini kifurushi kilikuwa kimeshatupwa kwa sababu ya harufu. Hilo sikumtafsiria, nilimwambia tu kwamba maelezo yamekubaliwa.

Makala ilitoka kipindi cha mvua. Jina lake la kwanza kabisa, limeandikwa sawa, na kitufe cha kufungua bila kulipa. Niliifungua kwenye kompyuta, nikaifungua kwenye simu yangu, nikatoka nje nikamwambia muuza mawese aifungue kwenye yake. Ikafunguka. Daktari alisimama mlangoni akitazama simu ya muuza mawese kama inaweza kufunga ghafla. Kesho yake alirudi kuhakikisha. Na kesho kutwa. Kila aliporudi aliniambia niifungue tena, na kila ilipofunguka alisema, "Bado iko wazi?" Alikuwa anangoja siku ambayo ukuta ungerudi.

Zikaanza kumiminika barua za profesa mtukufu, kwa makumi. Hizo alizifuta mwenyewe, kidole kimoja, kwa raha. Waliokuja kumpongeza aliwauliza wanataka nini. Mtumishi mmoja wa uvuvi alimwandikia merci, asante tu, na Daktari akasema huyo hajasoma, amesoma kichwa tu. Nikaona basi, hata hili halikumtosha, hakuna kitakachomtosha.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa kabla binti yake hajaja kumchukua Bujumbura kwa ajili ya macho. Alikuja dukani kuniaga, hakusema ni kuaga, alisema anataka tutazame barua. Kulikuwa na mpya moja, kutoka kwa mtu tusiyemjua. Nikaanza kumsomea.

"Kwanza niambie," akanikata. "Anauza nini?"

"Hauzi kitu."

"Anaomba vipimo?"

"Haombi."

"Basi ni mwizi wa aina mpya. Soma."

Haikuwa kwa Kiingereza. Ilikuwa Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. "Jambo Docteur," nikasoma. "Niko mwalimu mwanamuke, nafundisha biologie ku Baraka. Nimesoma kazi yenu ku telefone, yote, mara mbili. Iko muzuri sana. Lakini fasi moja munakosea. Mumesema ndagala iko na mayai mingi wakati mvua inaanza. Huku kwetu tunazipasua na wanafunzi, mayai iko mingi mbele ya mvua. Nazani munatazama samaki ya ufuko tu, ile ya katikati ya maji hamukuitazama."

Nilisita. Niliogopa. Nikamwangalia usoni.

"Rudia hapo," akasema. "Hapo anasema nini?"

"Anasema unakosea, Muzehe."

"Mara ngapi amesoma?"

"Mbili. Yote."

Akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia, kichwa chake kilikuwa cheupe chote. Akajifuta uso nayo, akabaki ameishikilia pale machoni, na mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Muuza mawese akachungulia, nikamfanyia ishara aondoke.

"Miaka yote, merci, merci," akasema ndani ya kofia. "Docteur merci. Hakuna mutu alishanikatalia hata siku moja, Mama Divine. Kumukatalia mutu, lazima kwanza umusome."

Nikamwacha. Fotokopi za watu zilikuwa zinangoja, nikaziacha nazo. Baadaye alivaa kofia, akaivuta sawasawa, akasogeza kiti chake hadi goti lake likagusa meza yangu.

"Andika," akasema. "Mwalimu, amahoro. Wewe ndiye unakosea, na nitakueleza kwa nini." Akafikiri. "Hapana, ngoja. Weka 'labda' mbele."